Uzi wa Katani na Swali la Mama Loice

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili ya utumishi, Dkt. Tryphena Mghoi Mwandawiro atastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Ijumaa, tarehe 27, tutamuaga hapa kituoni Voi kwa chai, kimanga cha mihogo na maharagwe, na hotuba ambazo zimeombwa ziwe fupi. Ombi hilo ni lake mwenyewe. Kazi ya kuandika wasifu nimepewa mimi, Zephaniah wa maabara, kwa sababu nimefanya kazi naye miaka ishirini na, kama alivyosema mwenyekiti wa kamati ya sherehe, nimekaripiwa naye kuliko mtu mwingine yeyote aliye hai. Sikuona la kubisha.

Daktari Mghoi alizaliwa Werugha, kwenye baridi ya milimani, na mpaka leo joto la Voi humkera kana kwamba ameshuka jana. Alipoanza kazi katika hospitali ya hapa Voi Mei 1994, akiwa na miaka ishirini na tisa, aliomba kitu kimoja tu: chumba chenye dirisha la kufunguka. Alipewa chenye dirisha lililopigiliwa misumari. Kesho yake alikuja na nyundo kutoka nyumbani, na kufikia saa nne asubuhi upepo ulikuwa unaingia.

Wasifu mwingine ungeendelea hapo na orodha ya vyeti. Vyeti anavyo, vimejaa ukuta mzima, lakini mwenyewe husema kazi yake haikuanzia chuoni. Ilianza mwaka 1996, siku alipoletewa mkulima mmoja wa Njukini, Mama Loice, akisindikizwa na binti yake Penina aliyekuwa ameolewa mwaka uliotangulia.

Tumbo la Mama Loice lilikuwa limejaa maji. Kwa miezi kumi na mmoja alikuwa akishiba kwa matonge mawili na kwenda haja ndogo kila baada ya muda mfupi. Alinunua dawa za vidonda vya tumbo, kisha za amiba, kisha za gesi. Kumbe ilikuwa saratani ya ovari, vile vifuko viwili vidogo vinavyotunza mayai ya mwanamke, na ilikuwa imekwisha kusambaa. Daktari wetu, kijana na mwenye uchungu, akatamka lile neno ambalo madaktari wengi hulitamka wakiishiwa na mengine: ungekuja mapema, mama.

Mama Loice hakukasirika. Alimtazama tu, akasema, "Sasa mwanangu, mimi ningejua aje, na kila mtu alikuwa akiniambia nimenawiri?"

Ni kweli tupu. Huku kwetu, milimani na tambarare, mwanamke akiongezeka kiuno hupongezwa. Mama Loice alipoanza kufunga leso kwa taabu, majirani walimwambia amependeza, na sokoni mumewe alisifiwa kwa kumtunza vizuri. Yeye mwenyewe aliona fahari kidogo, na nani asingeona? Ugonjwa uliingia nyumbani pamoja na pongezi, ukakaribishwa.

Alifariki baada ya wiki saba. Siku ile ya swali, Daktari Mghoi alitoka nje, akaenda kwenye bomba la uani, akanawa mikono mara mbili ingawa haikuwa na uchafu. Tumezoea kusema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ukitaka kuona Daktari akikunja uso, itaje methali hiyo mbele yake. Atakwambia Mama Loice hakuficha kitu, kwa kuwa hakujua kuna la kuficha. Tangu siku ile hajamwambia mgonjwa yeyote kwamba angekuja mapema, na ole wake mfanyakazi atakayesikika akisema hivyo kwenye korido hii.

Aliazimia kwamba kabla hajastaafu atakuwa na jibu la swali lile. Alikwenda Nairobi kusomea magonjwa ya kina mama, kisha ng'ambo, kwenye nchi ya theluji, kusomea utafiti wa kugundua saratani ya ovari mapema. Alirudi mwaka 2004 na mabegi matatu. Moja lilikuwa na nguo. Mawili yalikuwa na vichupa vya maabara vilivyofungwa ndani ya soksi, na afisa wa forodha aliyezifungua soksi hizo zote, jozi moja baada ya nyingine, huenda anazikumbuka hadi leo.

Mwaka 2005 tukapewa ghala lililokuwa la vyandarua, lililopakana na chumba chake kile kile cha mwaka 1994, nalo ndilo lililogeuka kituo hiki. Mwaka mzima wa kwanza tulinukia dawa ya mbu, na faida yake ni kwamba hakuna aliyeumwa na mbu kazini. Friza ya kuhifadhia damu tuliipa jina la Bibi Harusi, kwa sababu kila umeme ulipokatika watu watatu walitoka mbio kwenda kumhudumia. Daktari aliwahi kuacha wageni wa wizara katikati ya sentensi kwa ajili ya Bibi Harusi. Aliporudi aliwaomba radhi, akaendelea na sentensi palepale alipoiachia.

Kwa jambo la sampuli kuchelewa hakuwa na msamaha. Damu iliyotolewa kijijini Rukanga ilipaswa kufika maabara kabla ya barafu kuyeyuka, na ikichelewa, dereva hujaza fomu ya maelezo. Morris, dereva wetu, alichelewa mara tatu mwezi mmoja. Fomu ya kwanza, mahali pa sababu, aliandika: "Ndovu." Ya pili: "Ndovu tena." Ya tatu: "Wale wale." Daktari alizisoma zote kwa uso mkavu, akazitia sahihi, kisha akabadilisha saa ya safari ili gari litoke kabla ndovu hawajashuka kunywa maji. Fomu hizo ziko kwenye faili mpaka leo, na nimekatazwa kuzitoa.

Kuna kitu kingine alichoanzisha ambacho wageni wetu hukistaajabia. Katika daftari la wagonjwa, baada ya jina, umri na kijiji, kuna safu aliyoichora kwa rula mwenyewe: Miezi. Maana yake ni miezi mingapi imepita tangu mwanamke aone dalili ya kwanza hadi alipopimwa. Mstari wa kwanza kabisa kwenye safu ile ni wa mtu ambaye hakuwahi kufika kituo hiki. Ni Mama Loice, na mbele yake pameandikwa kumi na mmoja.

Sasa niseme jinsi alivyokosea, maana alinionya kwamba wasifu usio na makosa ni wa mtu mwingine.

Mwaka 2007 alitengeneza fomu nzuri ya maswali kumi na mawili. Je, tumbo lako limefura? Je, unashiba upesi? Je, unapata maumivu ya nyonga? Tulizunguka Rukanga, Mahoo na Njukini wiki sita, tukahoji wanawake mia mbili. Wote mia mbili walikuwa wazima wa afya. Hakuna hata mmoja aliyeumwa chochote, na wengine waliongeza kwamba hata waume zao wako salama. Mgeni akifika kwako mara ya kwanza, amevaa koti jeupe na ameshika kalamu, huanzi kumlalamikia habari za tumbo lako. Unamwambia kwamba hujambo, unampa chai.

Aliyemfumbua macho ni Mumbe, kiongozi wa kikundi cha wanawake wanaosuka vikapu vya katani pale Rukanga. Alikuwa amejibu maswali yote kumi na mawili bila kuinua macho kwenye kikapu chake, kisha akasema, "Daktari, hayo maswali unauliza kama polisi. Mtu akiulizwa hivyo atasema tu hana makosa."

Daktari Mghoi akaweka kalamu chini. Akamuuliza Mumbe yeye hujuaje kikapu kimeanza kuharibika kabla hakijakwisha. Mumbe akamwonyesha uzi wa katani uliofungwa fundo. Kila akimaliza mizunguko kadhaa huuzungusha uzi ule kikapuni, na fundo lisipofika mahali pake, anajua kikapu kinatanuka. Hahitaji kukiuliza kikapu kinajisikiaje.

Ndivyo ulivyozaliwa uzi wetu. Una kitanzi upande mmoja na fundo jekundu upande wa pili. Tarehe mosi ya kila mwezi, asubuhi kabla ya chai, mwanamke anauzungusha tumboni usawa wa kitovu. Kitanzi kikilifikia fundo, anauweka, anaendelea na shughuli zake. Kisipofika miezi miwili mfululizo, anakuja kituoni, na hapo ndipo kipimo cha damu na picha ya skani huanza kazi. Kila mwaka uzi hupimwa upya, kwa sababu watu hunenepa kwa heri pia, hasa Desemba. Wasusi wa Rukanga walisokota nyuzi zote, na uzi nambari moja ulichukuliwa na Penina, binti wa Mama Loice. Saratani hii wakati mwingine hufuata ukoo, na Daktari alimfuata mwenyewe hadi Njukini kumwambia hivyo. Penina alisikiliza, akauliza maswali mawili, akaufunga uzi pale pale mbele ya wifi zake.

Mwaka 2009, Jumatatu moja, lori la maharagwe kutoka Njukini liliingia uani. Juu ya magunia walikuwa wamekaa wanawake arobaini na saba wa Njukini na Mahoo, kila mmoja na uzi wake mkononi, wengine wakiomba, wengine wakilia. Nyuzi zote hazikufika. Penina alikuwa mbele ameketi na dereva, akiwa ameshateuliwa msemaji. Daktari alitazama umati ule na kwa mara ya kwanza nilimwona akiogopa. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama mimi ndiye niliyepima vibaya.

Hapana, sikupima vibaya, na naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu za kituo. Tulichukua uzi wa Penina, tukaulaza juu ya rula. Daftarini ulikuwa sentimita tisini na moja. Pale mezani ulikuwa themanini na sita. Aliyekuwa amepungua alikuwa uzi.

Kijitabu chetu, alichokiandika Daktari kwa mkono wake, kilisema kila kifaa cha afya kiwe safi. Wanawake wa tambarare, ambao ni wakulima na wafanyabiashara na si wasusi, walitii. Walifua nyuzi kwa maji ya moto na sabuni, wakazianika. Katani iliyosokotwa ikilowa hujikunyata. Daktari alipompigia Mumbe simu, Mumbe alicheka mpaka salio likakaribia kwisha, akasema, "Wee daktari, katani huoshwa kabla, si baada!" Kila msusi analijua hilo. Kuuliza si ujinga, lakini sisi wenye digrii hatukuuliza.

Wengine wangewashukuru wale kina mama na kuwarudisha kwao. Daktari alisema mtu aliyetoka Njukini juu ya gunia hatarudi bila kupimwa. Siku tatu tulipima, na wenyeji wa Voi wakawapa malazi. Hakukuwa na saratani hata moja. Mmoja alikutwa na uvimbe mdogo wa mfuko wa uzazi, akatibiwa. Wawili walikuwa na mimba, na mmoja wao, mwenye miaka arobaini na minne, alikuwa ameshaapa mbele ya watu kwamba duka amelifunga. Mtoto huyo yuko kidato cha pili sasa, na shuleni humwita Katani.

Daktari aliandika kosa hilo lote kwenye ripoti, bila kulificha nyuma ya maneno makubwa, na akalisoma mbele ya wanasayansi wenzake kule Mombasa. Ukumbi ulipoanza kucheka, yeye alikuwa ameshatangulia. Nyuzi mpya zilichemshwa mara tatu, zikaanikwa, zikapakwa nta, ndipo zikapimwa. Jina la Mumbe liko kwenye ripoti hiyo miongoni mwa watafiti, na nakala yake ameitundika ukutani, juu kidogo ya picha ya arusi.

Utafiti ulichukua miaka kumi. Waliofunga uzi ni wanawake elfu tatu mia nne na kumi na mmoja. Ile safu ya Miezi, ambayo mwanzoni ilikuwa na wastani wa miezi zaidi ya tisa, ilishuka hadi chini ya miwili. Gazeti moja liliandika kwamba Voi kumepatikana uzi wa kutibu saratani, na mwandishi wa habari hiyo alipata simu ya saa nzima ambayo nadhani ilimfaa kuliko mwaka wa chuo. Daktari hurudia maneno yale yale kwa kila mgeni: uzi hauoni saratani, unaona tumbo. Kazi yake ni kumfikisha mwanamke mlangoni. Ukimuuliza ni wangapi wamepona kwa sababu ya uzi, atakwambia bado hatujui, ushahidi hautoshi, tuendelee kupima. Nimemsikia akisema hivyo kwa mawaziri, na nimemsikia akisema hivyo kwa mfagiaji wetu, kwa sauti ile ile.

Lakini sisi tunaokaa naye tulijua jambo. Jinsi tarehe ya kustaafu ilivyokaribia, ndivyo alivyozidi kulifungua daftari lile la kwanza, ukurasa wa kwanza. Takwimu alikuwa nazo, na zilikuwa nzuri. Hata hivyo aliwahi kuniambia, akiwa anamenya chungwa, kwamba Mama Loice hakumuuliza habari za wastani. Aliuliza yeye, mtu mmoja, angejua aje. Nilimhurumia sana siku ile, nikachukua pande la chungwa.

Jumatatu, tarehe 3 Februari mwaka huu, nilikuwa nimeitwa kwenye chumba chake kuchukua sampuli za damu. Mlango ukafunguliwa, akaingia Penina. Ana miaka hamsini na mitatu sasa, na nywele zimeanza mvi. Krismasi majirani zake wa Njukini walikuwa wamemwambia amenawiri. Aliwajibu asante, akaingia ndani. Mwaka Mpya kitanzi kilipungua kidole kimoja kulifikia fundo. Februari mosi vilikuwa vidole viwili. Hakununua dawa ya gesi. Alipanda gari la asubuhi.

Mama huyu anayezijua adabu kuliko sisi sote hakusalimu. Aliuweka uzi mezani, akamtazama Daktari, akasema, "Daktari, nimejua."

Daktari Mghoi aliuliza kama angeweza kutoka kidogo. Dirishani, lile dirisha lake la misumari, nilimwona akienda kwenye bomba la uani. Alinawa mikono mara mbili. Kisha akarudi, akavaa glavu, akafanya kazi yake.

Damu ilikuwa na dalili, skani ikaonyesha uvimbe. Penina alifanyiwa upasuaji Mombasa katikati ya Machi, na majibu yalipokuja yalisema saratani ilikuwa haijatoka nje ya ovari moja. Matibabu yaliyobaki ameyamaliza. Mvua za masika alipanda maharagwe kama kawaida yake, na amenitumia ujumbe kwamba Ijumaa atakuwepo, aandaliwe kiti cha mbele. Kwenye daftari, mbele ya jina lake, safu ya Miezi, Daktari aliandika mwenyewe: mmoja. Tangu siku ile sijamwona akilifungua tena daftari la kwanza.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo, wa maabara, wa usafiri na wa jikoni, na kwa niaba ya wanawake wa Rukanga, Mahoo na Njukini, asante, Daktari. Asante kwa nyundo, kwa ukali, kwa kukubali kuchekwa, na kwa kulibeba swali la mtu mmoja miaka ishirini na tisa bila kulitua.

Kamati imenunua zawadi za kawaida, na utazishangilia kwa adabu. Lakini iko moja ambayo siwezi kungoja Ijumaa kuitaja. Tulipekua madaftari yote tukagundua kwamba wewe mwenyewe hujawahi kufunga uzi. Mumbe amekusokotea nambari elfu tatu mia nne na kumi na mbili. Umeoshwa kabla, si baada. Tarehe mosi Julai, asubuhi kabla ya chai, tutakupigia simu kule Werugha, na usithubutu kutuambia kwamba hujambo kabla hujauzungusha uzi.

Nenda ukapumzike kwenye baridi yako, Daktari wetu. Tunakutakia maisha marefu na mema, ule ushibe, unawiri. Na majirani wakikusifu kwamba umenawiri, waambie asante, kisha uingie ndani ukachukue uzi.